Kaunti imenipa siku saba nibomoe, na hatimiliki ninayo

Msomaji wetu wa Kisauni, Mombasa, ametuandikia hivi: "Mwaka 2011 nilinunua ploti kutoka kwa mtu aliyekuwa na hatimiliki halali, nami nikapewa hati kwa jina langu. Nimejenga nyumba ya vyumba vinne na maduka mawili upande wa mbele, na kodi ya ardhi nimeilipa kaunti kila mwaka. Wiki iliyopita maafisa walikuja wakachora X nyekundu ukutani na kuandika 'siku 7', wakidai nimejenga juu ya njia ya umma ya kwenda baharini. Je, wanaweza kunibomolea ilhali nina hati? Nikibomolewa, nitalipwa fidia? Na je, nianze kuezua mabati mwenyewe au ningoje?"

Ndugu yangu, pole sana. Kwa miaka mingi nimekaa na watu waliofika ofisini kwangu wakiwa na hati mkononi na kifusi nyuma yao, na najua usingizi huwa umekuhama tangu siku rangi ile ilipopakwa. Nitakujibu bila kukuficha lolote, kwa sababu maneno ya kukutuliza hayatazuia tingatinga.

Kuna mambo mawili ambayo yote ni kweli kwa wakati mmoja. La kwanza ni kwamba hatimiliki yako, peke yake, haitoshi kuiokoa nyumba ikiwa ardhi hiyo ilitoka mikononi mwa umma kwa njia isiyo halali, hata kama wewe mwenyewe hukufanya kosa lolote. La pili ni kwamba rangi nyekundu na siku saba si utaratibu ambao sheria ya Kenya imeuweka kwa kumwondoa mtu kwenye ardhi ya umma, na kosa la aliyegawa ploti hiyo zamani halimpi afisa wa leo ruhusa ya kukurukia. Wengi niliowaona wakipoteza kila kitu walilishika moja kati ya haya wakaliacha la pili: ama walijifungia ndani wakisema "hati ninayo", ama walikata tamaa wakasema "serikali ikishaamua imeamua".

Nianze na hati. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 62, inataja ardhi ya umma kuwa ni pamoja na barabara na njia zote za umma, mito na maziwa, bahari, na ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Ibara ya 40 inalinda mali ya kila mtu, lakini kifungu chake cha 6 kinasema ulinzi huo hauihusu mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria. Kisha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, inaifanya hati kuwa ushahidi wa mwanzo wa umiliki, ushahidi unaoweza kuvunjwa kwa kuthibitisha kwamba hati ilipatikana kwa udanganyifu, kwa kukiuka utaratibu au kwa njia ya ufisadi. Wazee wetu walikua chini ya sheria za zamani, ambapo hati iliyosajiliwa ilihesabiwa kuwa kauli ya mwisho, na imani hiyo bado imo vichwani mwa wanunuzi wengi. Sheria yenyewe imekwisha kuhama.

Kesi iliyolikata shauri hili haikutokea mbali nawe. Ilihusu ploti ya ufukweni Nyali, iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Dina Management. Septemba 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliingia katika ploti hiyo na kuubomoa ukuta unaoelekea pwani ili kufungua njia ya kufika baharini. Kampuni ilikwenda mahakamani ikiwa na hati iliyosajiliwa, na hoja yake ilikuwa hiyo hiyo yako: tulinunua, tulilipa, jina letu limo katika daftari. Mahakama ya Mazingira na Ardhi haikuishia kwa aliyeuza. Ilirudi nyuma mpaka kwa mmiliki wa kwanza kusajiliwa, mwaka 1989, ambaye alikuwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, ikauliza: hapo ardhi ilitokaje kwa umma? Ikaonekana kwamba mahali hapo palikwisha kutengwa kuwa eneo la wazi la matumizi ya umma, na kwamba hatua ambazo sheria ya wakati huo ilizitaka kabla ya kugawa ardhi ya serikali hazikufuatwa. Kampuni ilishindwa, ikakata rufaa ikashindwa tena, na tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaweka muhuri wa mwisho. Majaji walisema kwamba kabla ya mtu kuitwa mnunuzi mwenye nia njema ni lazima kwanza mzizi wa hati yake uchunguzwe tangu ugawaji wa kwanza, na wakaongeza jambo ambalo kila anayenunua pwani angelipaswa kulikumbuka: ploti ya ufukweni siku zote ni kivutio, kwa hiyo mnunuzi wake alitakiwa awe na tahadhari kubwa zaidi.

Ninaisimulia kesi hii kwa urefu kwa sababu ndiyo itakayowekwa mezani na wakili wa kaunti siku yako ya kwanza mahakamani. Na mwezi Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu hiyo hiyo ilisema kwamba barua ya ugawaji, yaani ile inayomwarifu mtu kwamba amegawiwa ploti, si hati na haimpi mtu umiliki. Aliyekuuzia akiwa alianza na barua tu, swali litakuwa barua hiyo iligeukaje hati, na nani alitia saini.

Basi kazi yako ya kwanza, na uianze kesho asubuhi, ni kuutafuta mzizi wa hati yako mwenyewe. Ile rekodi ya ukurasa mmoja inayotolewa na msajili, ambayo wanunuzi wengi huishia hapo, inakuambia nani ni mmiliki leo, na haikwambii ardhi ilianzaje. Omba nakala ya jalada zima la ploti: barua ya ugawaji ya kwanza, ramani ya mipango iliyoidhinishwa iliyoambatana nayo, ramani ya upimaji, na kila uhamisho uliofuata. Zipange juu ya meza kwa tarehe. Ramani ya mipango ilipaswa kuidhinishwa kabla ya barua ya ugawaji kutolewa. Ukiona barua ni ya Machi na ramani ni ya Novemba iliyofuata, au ramani haipo kabisa, hapo pana ugonjwa. Kisha mchukue mpimaji aliyesajiliwa, asiyekuwa na uhusiano na aliyekuuzia, avitafute vigingi vya ploti yako na avilinganishe na ramani kongwe zaidi ya mtaa mzima inayopatikana, kwa sababu ramani iliyochorwa baada ya unyakuzi huwa imekwisha kuuhalalisha.

Nimewahi kuinama juu ya ramani mbili za mtaa mmoja wa pwani. Katika ile ya zamani, baina ya ploti mbili kubwa, palikuwa na ukanda mwembamba usio na namba, unaotoka barabarani hadi kwenye mchanga. Katika ile mpya, ukanda ule ule ulikuwa na namba, mpya kabisa, kubwa kuliko za majirani zake kwa mamia, jambo linaloonyesha kwamba ilitolewa miaka mingi baadaye. Aliyejenga hapo alikuwa mwalimu mstaafu, na fedha zote zilikuwa mafao yake. Tulipotoka nje, mvuvi mmoja alikuwa akipita na nyavu begani, akizunguka mbali kupitia kwenye uwanja wa hoteli kwa sababu njia ya babu yake ilikuwa sasa ni sebule ya mtu. Sijaisahau siku hiyo, kwa sababu nilimwonea huruma mwalimu na nikamwonea huruma mvuvi, na sheria isingeweza kuwapa wote wawili ardhi ile.

Kwa hiyo, namba ya ploti yako ikiwa imeruka mbali na za majirani, usilipuuze jambo hilo.

Tena nisikuache na matumaini yasiyo na msingi kuhusu kodi. Kulipa kodi ya ardhi kwa miaka yote hiyo, na hata kupata kibali cha ujenzi, hakuigeuzi njia ya umma kuwa mali yako. Mahakama zimeichukulia risiti kuwa uthibitisho wa malipo, basi. Wala huwezi kudai kwamba umekaa muda mrefu kiasi cha ardhi kuwa yako, kwani Sheria ya Ukomo wa Mashtaka hairuhusu dai la aina hiyo dhidi ya ardhi ya serikali. Hata hivyo zihifadhi risiti hizo pamoja na kibali. Hazithibitishi umiliki, bali zinathibitisha nia yako njema, na nia njema ina uzito wake pale tutakapofika kwenye fidia.

Sasa tuje upande wa pili, ambao maafisa wengi hawapendi tuuseme kwa sauti. Mwaka 2016 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Ardhi na kuongeza vifungu vya 152A hadi 152I, vinavyoeleza namna ya kumwondoa mtu aliyeko kwenye ardhi bila haki. Kwa ardhi ya umma, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayotakiwa kuhakikisha ilani inatolewa: kwa maandishi kwa wote watakaoathirika, katika gazeti rasmi la serikali, katika gazeti moja linalosomwa nchi nzima, na kwa tangazo la redio kwa lugha inayoeleweka mahali hapo. Ilani hiyo ni ya muda usiopungua miezi mitatu kabla ya siku ya kuwaondoa watu. Siku saba hazimo. Kifungu cha 152G kinaendelea kudai kwamba wanaotekeleza kazi wajitambulishe na waonyeshe idhini rasmi, kwamba utu na usalama wa watu ulindwe, kwamba wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu wawekewe hatua maalumu, na kwamba nguvu ikitumika isizidi kiasi kinachohitajika. Na kifungu cha 152F kinakupa wewe uliyepewa ilani haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu.

Kaunti inaweza kujibu kwamba haikuondoi kwenye ardhi, inaondoa kizuizi njiani tu, au kwamba unashtakiwa kwa kujenga bila kibali. Ndiyo maana nakusihi usome kwa makini karatasi uliyopewa, kama ipo, na uone imetaja sheria gani. Ikiwa ni ilani ya utekelezaji chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, una siku 14 tu tangu kukabidhiwa kukata rufaa mbele ya kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, ambayo inapaswa kuamua ndani ya siku 30, na kutoka hapo unaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku hizo 14 ukiziacha zipite, utakuwa umewapa maafisa ushindi wa bure. Na ikiwa hukupewa karatasi yoyote, umepewa rangi tu ukutani, pia hilo ni hoja: Ibara ya 47 inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi na ya kusikizwa kabla ya uamuzi unaokudhuru.

Nguvu ya utaratibu huu ilionekana katika kesi ya Mitu-Bell, chama cha wakazi waliobomolewa, na naomba uilinganishe na ile ya Nyali. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, walipewa siku saba, kama wewe. Novemba 2011 nyumba zao zilibomolewa ijapokuwa Mahakama Kuu ilikuwa imetoa amri ya kuzuia. Hawa hawakuwa na hati, hawakuwa na barua ya ugawaji, na hawakudai kwamba ardhi ni yao. Walidai kwamba wao ni watu, kwamba hapo ndipo walipolea watoto wao, na kwamba hawakupaswa kufukuzwa namna ile. Safari yao mahakamani ilichukua karibu miaka kumi, na Mahakama ya Rufaa iliwaangusha njiani, lakini tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu waliokaa muda mrefu juu ya ardhi ya umma, wakaanzisha makazi na kulea familia, wanapata haki ya makazi inayoweza kulindwa na mahakama, hata kama ardhi si mali yao, na kwamba mahakama inaweza kuamuru fidia, muda wa kutosha wa ilani, au nafuu nyingine inayofaa.

Tazama basi: kampuni yenye hati ilitoka mikono mitupu, na wanakijiji wasio na karatasi walitambuliwa haki. Mimi naelewa tofauti hii kwa njia moja. Aliyesimama juu ya hati pekee alisimama juu ya kitu kilichoweza kuvunjwa, na hati ilipovunjika hakikubaki kitu cha kudai. Waliosimama juu ya makazi na utaratibu walisimama juu ya haki ambayo haitegemei nani alimgawia nani ploti. Ushauri wangu kwako, ndugu yangu, ni kwamba ombi lako mahakamani lisiishie kwenye hati. Wakili wako aeleze kwamba hii ni nyumba unayoishi na familia yako, aeleze idadi yenu na tangu lini, aeleze ilani ilivyotolewa, na aombe amri ya kuzuia ubomoaji kwa hati ya dharura, yaani ombi lisikizwe haraka, kabla ya siku ya saba. Jambo hili la wakati silisisitizi bure. Mahakama huweza kuizuia nyumba isianguke. Ikishaanguka, na hati ikaonekana mbovu, mazungumzo yanageuka kuwa ya fedha, na ya fedha ni magumu zaidi.

Kwa kifupi kuhusu jambo ambalo hukuliuliza lakini majirani zako watauliza: hapa pwani wako wengi wenye nyumba zisizo na ardhi, yaani nyumba ni ya mtu na kiwanja ni cha mwingine ambaye hulipwa kodi ya ardhi kila mwezi, desturi iliyokolezwa na sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908, iliyowaacha wenyeji wengi wa ukanda wa maili kumi bila karatasi na kuifanya ardhi isiyodaiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Hao nao wanalindwa na vifungu nilivyovitaja, kwani vinazungumza juu ya watu kuondolewa na havikuandikwa kwa ajili ya wenye hati peke yao. Wasikubali kuambiwa kwamba hawana pa kusimamia.

Sasa fidia. Ikiwa mahakama itaona hati yako ni safi na kaunti bado inaihitaji njia hiyo, basi ni utwaaji wa mali ya mtu, na Ibara ya 40 inataka ulipwe fidia ya haki bila kucheleweshwa. Ikiwa hati itaonekana mbovu, usitegemee kulipwa thamani ya ardhi na umma, kwa maana umma hauwezi kununua tena kilichokuwa chake. Lipo hata hivyo dirisha dogo: Ibara ya 40, kifungu cha 4, inaruhusu fidia kwa waliokaa kwenye ardhi kwa nia njema hata kama hawana hati, na hapo ndipo risiti zako na kibali chako cha ujenzi vinapoingia. Kifungu hicho kimeandikwa kwa muktadha wa utwaaji, kwa hiyo wakili wako atalazimika kupigania kitumike kwako. Mimi naamini inafaa kupigania. Mtu wa kumdai moja kwa moja ni aliyekuuzia, aliyekuahidi kwa mkataba kwamba ana haki ya kuuza. Madai ya mkataba huisha baada ya miaka sita, na wewe ulinunua 2011, lakini palipo na udanganyifu muda hauanzi kuhesabiwa mpaka udanganyifu ugundulike au uwe ungeweza kugunduliwa kwa juhudi ya kawaida. Mtafute leo, ujue yu hai na ana mali gani.

Nami niseme linaloniuma. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria juu ya ardhi ya umma nchini Kenya. Hakuna hata moja iliyojisaini. Kila moja ya hati hizo ina afisa aliyechora mipaka, afisa aliyeidhinisha na afisa aliyesajili, na ni nadra sana kuona alama nyekundu ikichorwa kwenye mlango wa mmoja wao. Ni kweli kwamba 2018 Nairobi iliangusha hata majumba ya kibiashara, Ukay Centre kule Westlands na Southend Mall kule Lang'ata, kwa kujengwa katika hifadhi za mito, na niliunga mkono, kwa kuwa mto uliozibwa hulipiza mvua zikija. Lakini mwenye jumba lenye maduka mia ana benki na bima. Mwenye vyumba vinne ana vyumba vinne. Unapopeleka kesi yako, omba afisa wa usajili na Tume ya Kitaifa ya Ardhi waunganishwe kama washtakiwa, wafike waeleze mahakamani mhuri wao ulifikaje kwenye karatasi yako. Peleka pia malalamiko kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambayo ina mamlaka ya kuwafuatilia waliofaidika.

Umeuliza kuhusu mabati. Sheria, katika kifungu hicho hicho cha 152G, inakupa wewe nafasi ya kwanza ya kubomoa na kuokoa vitu vyako, kwa hiyo hakuna afisa anayeweza kukukatalia ukiamua kufanya hivyo. Lakini usiezue leo. Nyumba isiyo na paa haiwezi tena kuelezwa mahakamani kama makazi, na kaunti itasema umekubali. Leo piga picha za kila chumba, ndani na nje, na ile X pamoja na tarehe, waite majirani wawili waandike walichokiona, na mwambie mpimaji au fundi akadirie thamani ya jengo kwa maandishi. Vitu vinavyobebeka na nyaraka zote zitoe, uziweke kwa ndugu. Waambie wapangaji wako wa madukani ukweli, ili wahamishe bidhaa zao. Amri ya mahakama ikikosekana hadi jioni ya siku ya sita, hapo waite mafundi: waanze na milango na madirisha, kisha mabati, kisha mbao za paa, kwa mpangilio huo, maana chuma cha dirisha kilichopindwa na tingatinga hakinyooki tena.